Mama Mkwe Hatalala Oseki

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Mama mkwe amekohoa tangu saa kumi na moja alfajiri. Mara arobaini na tatu, nilihesabu. Si kwamba namtakia mabaya. Ana kifua, ni mzee, ni mjane. Lakini chumba ni kimoja! Futi kumi kwa kumi, hapa Lindi, Kibera, pazia katikati. Upande huu mimi na mke wangu Celine. Upande ule mama yake, Angeline, aliyekuja kutibiwa kwa wiki mbili. Hiyo ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa Agosti.

Kwa mila yetu sisi Wajaluo jambo hili halipo kabisa. Mama mkwe halali nyumbani kwa binti yake. Hata kunikuta nikila, anafaa ageuze uso. Nilimkumbusha mara moja, kwa heshima zote. Akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba nasema kweli tupu, ila hapa si nyumbani, hapa ni nyumba ya kupanga. Nyumbani ni dala, boma ambalo mwanamume amelifungua kwa taratibu zake juu ya ardhi yake. Je, mimi ninalo? Sina. Shamba la baba kule Alego kaka zangu waligawana nikiwa huku Nairobi napaka rangi. Kwa hiyo mila haitushiki, akasema, na akaomba chai. Celine alicheka. Mimi sikucheka.

Leo tena nimevaa suruali nikiwa chini ya blanketi. Mwanamume wa miaka arobaini na sita! Lazima jambo lifanyike.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya, kisha nzuri ajabu.

Mbaya: nilikuwa Kawangware kupaka bango la duka la vifaa vya ujenzi la Dedan. Nimemfanyia kazi miaka mingi. Leo nikaandika HADWARE. Herufi moja tu imepotea, na wateja wanaelewa, lakini Dedan alisimama barabarani akisoma kwa sauti, kila mpita njia akasikia. Ukuta wa pili atampa mtu mwingine.

Nzuri: alipopoa alikumbuka kwamba anahitaji mtu. Ana nusu ekari kule Oseki, kijiji kidogo mbele ya Kiserian. Kuna kibanda cha mabati chenye vyumba viwili, tangi la maji, na kuku kumi na wanne. Mlinzi wake amerudi kwao, na watu wa kule wana tabia ya kusogeza vigingi vya mipaka. Nilikubali kabla hajamaliza. Ni kulinda tu, alisema mara mbili. Usipande kitu, usijenge kitu, usilete watu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Na hapo, nikiwa nimeshika brashi inayodondosha rangi kwenye kiatu, wazo likanijia. Nani atajua ni kulinda tu? Nikimwambia Celine ardhi ni yetu, na nikafungua boma pale kwa taratibu zote, jogoo, shoka na moto, basi pale ni dala. Na kwenye dala mama mkwe halali! Atarudi Ugunja kwa kaka yake. Mimi na Celine tutabaki na vyumba viwili na hewa safi. Sitakuwa nimemfukuza mtu. Mila itakuwa imemfukuza. Mimi ni nani nishindane na mila?

Nimetembea kutoka Kawangware mpaka nyumbani bila kusikia miguu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwambia Celine. Nilisema Dedan amenipa ile ardhi kama shukrani kwa kazi ya miaka yote. Nilitarajia maswali na nilikuwa nimeandaa majibu tisa. Hakuuliza hata moja. Aliweka mwiko chini, akakaa kwenye ndoo, akalia. Kisha akanishika sikio, jinsi alivyokuwa akinishika zamani kabla hatujapata Audrey. Audrey ni binti yetu, mtoto wa pekee, yuko shule ya bweni. Celine akasema sasa Audrey atakuwa na kwao.

Nilijisikia vibaya. Ilichukua kama dakika nne.

Nyuma ya pazia kikohozi kilinyamaza. Mama mkwe akasema, "Hongera, Baba Audrey." Baada ya muda akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba basi na yeye atafute pa kulala. Nikasikia akianza kukunja leso zake. Bila ugomvi, bila lawama! Nilikuwa nimejiandaa kwa vita vya mwezi mzima. Kulikuwa na nafasi hapo ya kusema neno zuri. Nilitoka nje.

Nje nilimkuta mwenye nyumba wetu, Mzee Fadlalla, Mnubi wa hapa hapa, akirekebisha mfereji. Nilikuwa na furaha, na furaha yangu haikai mdomoni. Nikamweleza mpango wote wa mila, lakini kwa siri. Habari ya kuwa ardhi ni ya Dedan sikuigusa, mimi si mjinga.

Hakucheka. Akaniambia, "Ouma, hapa unaposimama palikuwa kijiji. Nyanya yangu alikuwa akifunga mbuzi pale choo iko. Sisi hatukuenda mjini, mji ndio ulikuja ukatukuta tumekaa. Na mama mkwe wangu alifia kwangu, chumba cha mbele. Mimi mwenyewe nilikuwa nampeleka kuoga."

Nilimwambia hizo ni habari za Wanubi. Akainama akaendelea na mfereji. Mzee huyu haelewi mambo ya watu wengine.

Jumatano, 11 Juni

Nimefika Oseki. Kijiji chenyewe: kanisa la mabati, duka moja, zahanati iliyofungwa, mbuzi wengi kuliko watu. Na vigingi! Kila malisho yamegawanywa vipande vipande kwa mawe meupe, na kila baada ya hatua mia kuna bango la kuuza ploti. Barabara imechimbwa na tingatinga mpaka katikati ya kijiji, halafu ikaachwa. Mwenye duka, Shiundu, anasema ng'ombe sasa wanazungushwa mbali kufika mtoni, na wazee walioziuza zile ploti wanakuja dukani kwake kuomba majani ya chai. Anasema mji utafika mwaka kesho. Alisema hivyo pia mwaka jana. Nikamwambia mimi ndiye mwenye shamba lile lenye tangi. Akanipa kiti.

Tatizo: tangi limeandikwa DEDAN kwa herufi kubwa nyekundu. Kwa bahati nzuri natembea na rangi. Nimefuta, nimeandika OUMA. Lakini nilipima nafasi kwa jina la zamani, na jina lake lina herufi tano, langu nne. Mwishoni pamebaki pengo. Ukitazama kwa mbali ni kama jina linamsubiri mtu. Nikaweka nukta kubwa.

Mvua nyepesi tangu saa sita. Kuku wananitazama vibaya.

Jumamosi, 14 Juni

Boma limefunguliwa! Naandika hili nikiwa mwanamume mwenye dala.

Haikuwa rahisi. Kwa taratibu, baba wa mwanamume ndiye anayemtoa kwenda kufungua boma, na mtoto wake wa kiume wa kwanza anabeba shoka. Baba yangu alishafariki na mtoto wa kiume sina. Nikamleta mzee Osewe kutoka Sarang'ombe, mtaa wa jirani hapo Kibera. Si wa ukoo wetu, lakini ana koti. Alikuwa baba yangu mpaka saa nne. Kisha tulipofika kwenye shoka akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni mwanangu, akalibeba. Ana miaka sabini na moja. Alinipa shikamoo na akaniomba viatu vya shule.

Jogoo tuliyemleta kutoka Kibera alichomoka mikononi tulipofika, akaingia shamba la jirani. Osewe akakamata mmoja wa Dedan akasema huyu anatosha. Nikamwambia jogoo anafaa aingie pamoja na mwenye boma, na huyu tumemkuta hapa hapa, ni mwenyeji kuliko sisi. Osewe akasema jogoo hana kitambulisho, na jioni akaondoka naye. Moto nao Celine aliubeba kwenye mkebe wa makaa tangu Lindi, ukazimika kwa manyunyu tukiwa tumefika langoni. Tukaazima kiberiti kwa Shiundu.

Lakini Celine! Sijamwona hivyo miaka mingi. Alikata nyasi, akafagia, akapima kwa hatua mahali pa jikoni, akaniuliza sukuma wiki tupande upande gani. Nikasema udongo upumzike kwanza. Alisema laiti mama angeona. Kisha akarudi kufagia, maana sote tunajua mama haruhusiwi, na Osewe akatangaza mara tatu akiwa na kikombe mkononi: kuanzia leo hapa ni dala, na mama mkwe hatalala Oseki!

Nilipiga makofi. Niligundua napiga peke yangu.

Jumatano, 18 Juni

Celine ameondoka.

Tulilala siku nne kama inavyotakiwa. Tatu zilikuwa nzuri sana, niandike hilo. Tulikula nje, tulizungumza bila kunong'ona. Jana mchana jirani yetu wa Lindi, Malika, alipiga simu. Mama mkwe hakwenda Ugunja. Kaka yake alimwambia hana nafasi. Amebaki peke yake kile chumba, kifua kimembana, na Malika amemkuta hajawasha jiko siku mbili. Hakutaka tuambiwe, asitutie mkosi kwenye boma jipya.

Leo asubuhi Celine alikunja nguo zake. Nikasema aende amwone, arudi Jumamosi. Aliendelea kukunja. Nikasema mila ni mila, si mimi niliyeitunga. Hapo ndipo aligeuka. Kumbe Malika alipomaliza alimpa simu Mzee Fadlalla, na mzee akasema yote.

"Si ungeniambia tu umechoka na yeye," akasema. "Tungekaa chini tuongee. Sasa umeniweka nichague."

Nikamwambia basi achague vizuri. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Yalitoka kama ya mtu mwingine. Alibeba mfuko akaenda, na kwenye kona ya Shiundu hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimeinua mkono tayari.

Fadlalla! Mtu unampa siri, anaipeleka moja kwa moja. Nikirudi Kibera sitamsalimia.

Ijumaa, 20 Juni

Baridi kali. Jua halijaonekana tangu Jumatano. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nusu nimewapa kuku. Mmoja amekufa, sijui ni baridi au ni chuki. Nimempigia Celine simu mara sita. Haishikwi.

Shiundu ameniuliza mke wangu yuko wapi. Nikasema ameenda kuchukua viti. Akauliza viti vingapi. Nikasema sita, vya mbao, na kabati. Akanipa pole ya mizigo.

Kimya cha huku kinaumiza masikio. Nyumbani kulikuwa na redio ya Malika, mfereji, watoto, na kile kikohozi. Leo nimejikuta nimekaa kitandani nikikisubiri. Namkumbuka Celine, nasema wazi maana daftari hili halisomwi na mtu. Najuta pia kuhusu yule mama. Kidogo.

Njia ya kutoka ipo, na ni fupi. Niseme tu kwamba ardhi ni ya Dedan. Boma lililofunguliwa kwenye ardhi ya mtu si boma, ni mchezo wa watoto. Hapa patakuwa kama nyumba ya kupanga, mama mkwe atalala chumba cha pili, Celine atarudi. Sentensi moja! Nimeiandika nyuma ya kopo la rangi nikaisoma. Lakini Celine alilia kwa furaha. Aliniambia Audrey ana kwao. Na Shiundu ananiita mwenye shamba, hakuna mtu aliyewahi kuniita mwenye kitu. Nikaipaka rangi juu.

Jumamosi, 21 Juni

Mama mkwe amekuja. Peke yake!

Ilikuwa saa saba mchana. Nilimwona tangu dukani akipanda polepole, anasimama kila hatua kumi kushika kifua. Nilikimbia kumpokea, kisha nikakumbuka mila, nikasimama, kisha nikaona aibu nikakimbia tena. Hakuingia ndani. Nilimwekea ndoo akae, nikampa maji kwenye kikombe changu. Alikunywa akitazama tangi. Alitazama muda mrefu ile nukta. Chini yake, niligundua sasa, mguu wa ile N ya Dedan unaonekana.

Alizungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyepanga maneno njiani. Alisema Celine hajui kama amekuja. Alisema hana hasira nami, kwamba chumba kilikuwa kidogo kweli, na kwamba alikuwa akijizuia kukohoa mpaka anaumwa mbavu. Sikujua hilo. Mara arobaini na tatu, kumbe hizo ndizo zilizomshinda.

Kisha akasema, "Baba Audrey, Celine ametaka kukuacha tangu Audrey akiwa darasa la kwanza. Mimi ndiye nimekuwa nikimwambia ngoja, huyo mtu ana maneno mengi lakini moyo si mbaya. Sasa nakuuliza kitu kimoja tu, na nitaamini utakachosema. Hii ardhi ni yako, ama ni ya mtu?"

Nikatazama kuku.

"Kama ni ya mtu si dala," akasema. "Hakuna makosa. Mimi nitalala hapa leo, na kesho nampigia aje."

Alikuwa amekuja na mfuko. Niliuona sasa, nyuma ya miguu yake. Blanketi lake la mistari lilikuwa ndani. Alikuwa amekuja kulala. Alikuwa amekisia kila kitu, na alikuwa ameniwekea mlango wazi, nipite bila hata kuinama.

Nilifungua mdomo niseme. Na wakati huo huo Shiundu akapita na punda wake akanipungia, habari ya mwenye shamba.

"Ni yangu, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo, si kwa kukataa, ni kama mtu aliyetajiwa tarehe tu. Alimaliza maji. Akasema basi aende mapema, maana haruhusiwi kukutwa na giza hapa. Nikambebea mfuko mpaka dukani. Ulikuwa mwepesi. Alinishukuru kwa maji.

Jumapili, 22 Juni

Mambo mawili leo, yote kwa simu.

La kwanza, Celine. Ujumbe wa maandishi. Wanasafiri kesho kwenda Ugunja, yeye na mama yake. Amepata chumba cha kupanga sokoni, atauza omena, dagaa wa ziwani. Cha Lindi amekirudisha kwa Mzee Fadlalla, na vitu vyangu Malika ameviweka kwake: brashi, redio, picha. Audrey akifunga shule atakwenda huko. Mwisho ameandika, "Mama alisema umejibu. Mimi sina swali lingine." Nimeusoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa, nikausoma tena. Nimelia. Kuku wameona.

La pili, Dedan. Amepata mnunuzi wa ile nusu ekari, mji unakaribia na bei ni nzuri. Jumatano analeta mpima ardhi, nitoke kabla ya hapo. Pia anauliza kwa nini mwenye duka anamwambia kuku ni kumi na wawili, na shamba ni la mtu anaitwa Ouma.

Kwa hiyo, nikaze akili. Basi la Ugunja linaondoka kesho asubuhi. Muda upo. Nikimwandikia Celine sasa hivi kwamba ardhi si yangu na haikuwa yangu hata siku moja, atasikia kwangu mwenyewe, si kwa watu. Niliandika hivyo. Maneno yote, bila kona. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Lakini hebu fikiria sura yake akisoma! Mwanamume hawezi kumtumia mke wake kitu kama hicho siku ya Jumapili. Na kwa nini kumkatisha tamaa, wakati habari yenyewe ya leo, ukiitazama vizuri, ina upande mzuri?

Nikafuta. Nikaandika: "Mama Audrey, usisafiri. Nimeamua kuuza boma letu, nimepata mteja mzuri. Tutanunua pakubwa zaidi kule mbele, vyumba vinne, na kimoja ni cha mama."

Nimetuma. Alama mbili zimegeuka buluu papo hapo, kwa hiyo ameusoma. Hajajibu mpaka sasa, saa tatu zimepita. Lazima anapiga hesabu ya mapazia ya vyumba vinne.